Watoto Wacheze, Sisi Tuwe Msafara

Somo la familia, sehemu ya tatu
Soma kwanza: Luka 2:41-52; Zekaria 8:1-8; 1 Samweli 17:32-40



Katika masomo mawili yaliyopita tulifundishwa juu ya mume na mke, halafu juu ya pesa za nyumba. Wiki hii tunawageukia watoto. Swali langu ni rahisi kulisema lakini si rahisi kulitenda: je, mtoto wako anayo nafasi ya kucheza na kujiamulia mambo madogo, ama kila dakika ya maisha yake ina msimamizi?

Swali hili halikutoka kwangu, lilitoka kwenu. Katika kikundi kimoja cha nyumbani, mama wa watoto watatu aliniuliza hivi: "Mchungaji, mnatuambia tulee watoto watakaoweza kujisimamia. Sawa. Lakini mimi nikifungua geti, bodaboda zinapita kasi, majirani nusu siwajui, na habari za vijana wa mapanga tunazisikia kila mara. Acheze wapi, na nani atamwangalia?" Watu wote walinyamaza. Kila mzazi pale alikuwa na swali hilohilo moyoni. Mama yule anastahili jibu kamili, na jibu lenyewe ndilo somo hili.

1. Tuhesabu saa za mtoto

Kabla ya kuingia katika huduma nilisomea biashara, na jambo moja halijanitoka: mfanyabiashara asiyeandika hesabu hajui kama anapata ama anapoteza. Basi chukua kalamu, tuandike siku moja ya mtoto wa gredi ya nne hapa kwetu Kiembeni.

Anaamshwa saa kumi na moja alfajiri. Gari la shule linapiga honi jua halijatoka. Anarudi jioni amechoka, anaoga, anakula, anafungua vitabu vya kazi ya nyumbani. Wengine wanapitia kwa mwalimu wa tuisheni kwanza. Kinachobaki ni katuni, ama mchezo kwenye simu ya mama, halafu kitanda. Jumamosi tuisheni tena. Jumapili anakuja kanisani, na sisi nasi tumempangia: shule ya Jumapili, kwaya ya watoto, mazoezi ya maigizo. Sasa jumlisha. Saa ambazo mtoto huyu aliamua mwenyewe acheze nini, na nani, kwa sheria gani, ni ngapi kwa wiki nzima? Usishangae ukipata sifuri.

Na si kwamba hatujaambiwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na baada ya hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni michezo na shughuli nyingine nje ya darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza mwanafunzi kuwekewa tuisheni wakati wa likizo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuutumia mwili mpaka moyo udunde.

Kwa hiyo wanasheria wamesema na madaktari wamesema. Sisi wazazi ndio tunaolipa tuisheni ya likizo, tena kwa siri, halafu tunalalamika kwamba mtoto hana furaha.

2. Mchezo si kupoteza wakati

Najua kuna msomaji anayesema, "Mchungaji, maisha ni magumu, asome kwanza, kucheza atacheza baadaye." Hebu siku moja simama pembeni uangalie watoto wakicheza kati bila mtu mzima kuwaongoza. Usiseme neno, angalia tu.

Kwanza wanahitaji mpira. Zamani ulisokotwa kwa mifuko ya nailoni. Mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na watoto hawakuitisha mkutano wala kuandika barua kwa waziri. Walichukua soksi kuukuu na vitambaa vya fundi cherehani, wakafunga kwa kamba, mchezo ukaendelea. Halafu wanagawana pande mbili, na lazima pande zilingane, la sivyo mchezo hauna utamu. Kuna mdogo wa miaka mitano anayelia anataka kuingia. Wanamkubali, lakini wanamwekea sheria yake asiumie. Kuna anayedai hakuguswa na mpira na kila mtu ameona kaguswa. Hapo kuna kesi, kuna mashahidi, kuna hukumu. Akikataa hukumu, mchezo unasimama, na kila mtu anapata hasara. Basi anajifunza kukubali.

Wapendwa, yote hayo nilifundishwa darasani kwa karo ya miaka minne: kugawa rasilimali, kujadiliana, kusuluhisha ugomvi, kumjali aliye dhaifu, kushindwa bila kuvunja kampuni. Mtoto anayecheza kalongolongo, akafungua duka la majani na kuuza "unga" wa mchanga kwa pesa za vifuniko vya soda, ameanza masomo ya biashara bila kulipa shilingi.

Tofauti iko hapa: lazima mchezo uwe wao. Kocha akisimama pale na filimbi, ni yeye anayegawa pande na ni yeye anayeamua kesi. Mafunzo ya mpira ni mazuri, siyapingi. Lakini hapo mtoto anajifunza mpira, na kujisimamia hajifunzi.

Mwalimu wetu mmoja wa shule ya Jumapili aliwahi kuwaambia watoto wa darasa lake, "Leo mna nusu saa, chezeni mnavyotaka." Walimtazama, kisha mmoja akainua mkono: "Mwalimu, tucheze nini?" Aliponisimulia tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Mtoto wa miaka tisa, ana afya, ana wenzake ishirini, yuko kwenye uwanja wenye kivuli, na anasubiri kuambiwa acheze nini. Kesho atasubiri kuambiwa aoe nani na aamini nini.

Nchini Marekani mwanasaikolojia Peter Gray aliandika mwaka 2011 kwamba kwa muda wa zaidi ya nusu karne nafasi ya watoto kucheza wenyewe imekuwa ikipungua, na katika kipindi hichohicho wasiwasi na huzuni kwa vijana vimekuwa vikipanda. Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi tosha kwamba moja limezaa lingine, na mtu wa hesabu analijua hilo. Lakini ni onyo linalotosha kutufanya tujichunguze.

Neno la Mungu nalo halidharau mchezo. Fungua Zekaria 8. Yerusalemu imebomolewa, watu wanarudi kutoka utumwani, na Bwana anawaeleza mji utakavyokuwa akiurejesha. Hasemi juu ya majengo marefu. Katika mstari wa 4 anawaonyesha wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi katika njia za mji, kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku zake. Na mstari wa 5, wavulana na wasichana wamejaa katika njia hizohizo wakicheza. Hiyo ndiyo picha ya mji uliobarikiwa. Na Bwana Yesu mwenyewe, Mathayo 11:16-17, alitoa mfano wa watoto waliokaa sokoni wakigombana kwa sababu wengine hawataki mchezo wa harusi wala wa msiba. Mtu hawezi kutoa mfano kama huo bila kuwatazama watoto wakicheza.

3. Yesu wa miaka kumi na miwili

Sasa twende Luka 2. Yusufu na Mariamu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yesu alipokuwa na miaka 12 walienda kama kawaida. Sikukuu ikaisha, wakaanza kurudi, na walitembea siku nzima kabla ya kugundua kwamba hayuko nao.

Tukisoma kwa macho ya leo tunasema, hawa ni wazazi wa aina gani? Siku nzima? Leo wangepigwa picha wakasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini angalia sababu anayotoa Luka katika mstari wa 44: walidhani yumo katika msafara, nao walimtafuta kati ya jamaa na watu waliojuana nao. Yaani kwa mtoto wa miaka 12, kutembea na binamu zake, kula kwa shangazi, kulala karibu na moto wa jirani, lilikuwa jambo la kawaida. Wazazi wake hawakuwa wazembe. Walikuwa na msafara.

Na ona mambo matatu yanavyokwenda pamoja. Kwanza, alikuwa na uhuru. Pili, alipokosekana alitafutwa. Walirudi, wakamtafuta kwa uchungu mpaka siku ya tatu, na Mariamu hakuficha kwamba aliumia. Tatu, baada ya mazungumzo yale hekaluni, alishuka nao Nazareti akaendelea kuwatii. Uhuru, kutafutwa, na utii. Ukiondoa la kwanza unalea mfungwa. Ukiondoa la pili umemtelekeza mtoto. Ukiondoa la tatu unalea mtu asiye na adabu. Mstari wa 52 unatuambia matunda: akakua katika hekima, katika kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu.

Basi mama yangu uliyeuliza swali lile, jibu la kwanza ni hili: hofu yako si ukosefu wa imani. Umeona sawasawa. Kilichotupotea Kiembeni ni msafara. Zamani mtoto akitoka nje alikuwa anatoka mikononi mwa mama mmoja na kuingia mikononi mwa mama kumi. Leo akitoka nje anatoka mikononi mwako na kuingia barabarani.

4. Hatari inayoua na hatari inayofundisha

Kuna hatari mbili, na tusizichanganye.

Hatari ya kwanza ni ile inayoua au kuharibu. Barabara kuu ya Malindi. Pikipiki kwenye vichochoro. Shimo la choo ambalo halijafunikwa. Bahari bila mtu anayejua kuogelea. Na mtu mwenye nia mbaya, ambaye mara nyingi ni mtu anayejulikana na mtoto. Hatari hizi mtoto hajifunzi kwa kuzijaribu. Kazi yetu ni kuziondoa ama kumweka mbali nazo, na kumfundisha mapema kwamba mwili wake ni wake, na kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima ambayo mama haruhusiwi kuijua. Ukiona dalili mbaya, usimalize kesi kinyumbani. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya, na uende polisi.

Hatari ya pili ni ile inayofundisha. Kupanda mwembe na kuchubuka goti. Kushindwa mchezo. Kugombana na rafiki na kurudi kupatana naye bila mama kuingilia. Kutumwa dukani na kusahau kitu kimoja. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliwachunguza watoto wadogo wakicheza, na mwaka 2007 akaandika kwamba watoto wenyewe hutafuta vitu kama urefu, kasi, mieleka ya utani, na kujificha mbali na macho ya wakubwa. Wanaipima hofu yao kidogo kidogo. Mtaa wetu una embe ndani ya jina lake, lakini tuna watoto wa miaka kumi ambao hawajawahi kupanda mwembe hata tawi la kwanza. Wazazi tumekuwa hodari kuzuia hatari ya pili, huku ile ya kwanza tunaiacha, kwa sababu kufunika shimo la jirani kunahitaji kuongea na jirani, lakini kufunga geti hakuhitaji kuongea na mtu yeyote.

Na magenge je? Baba mmoja aliniambia waziwazi, "Heri nimfungie ndani kuliko achukuliwe na vijana wa mapanga." Namwelewa. Kisauni yetu imeumia, na baadhi ya waliokamatwa wana umri wa kuwa shuleni. Sisemi kufungiwa ndani ndiko kunakozaa genge. Magenge yana vyanzo vingi: umaskini, dawa za kulevya, ukosefu wa kazi, wakubwa wanaowatumia vijana. Ninachouliza ni hiki: huyu mtoto utamfungia mpaka lini? Akifika miaka 15 atatoka, upende usipende. Siku hiyo atakutana na kijana mkubwa anayemwambia, "Twende." Kama hajawahi kumkatalia rafiki jambo dogo akiwa na miaka minane, kama hajawahi kuachwa nje ya mchezo na akaona kwamba hakufa, atapata wapi nguvu za kukataa jambo kubwa?

Hapo ndipo 1 Samweli 17 inatusaidia. Sauli alimtazama Daudi akaona mtoto tu. Daudi hakujibu kwa kujisifu, alieleza historia yake: kondoo za baba yake, simba, dubu. Yese alikuwa amemkabidhi kijana wake kazi halisi, mahali ambapo Yese mwenyewe hakuwepo. Sauli alitaka kumkinga kwa kumvisha silaha zake, na Daudi akashindwa hata kutembea nazo. Ulinzi wa mtu mzima haukumfaa. Kilichomfaa ni kombeo alilokuwa amelizoea peke yake malishoni, siku ambazo hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa Mungu.

5. Kanzu ya mwaka huu

Kujitegemea hakukui kwa mchezo peke yake. Kunakua pia kwa kazi.

Kenya yetu imewahi kuwa mfano katika jambo hili. Miaka ya 1950 watafiti walikaa na familia katika jamii sita duniani: Okinawa, Ufilipino, India, Meksiko, Marekani, na hapa kwetu Nyansongo, huko Kisii. Kitabu cha Beatrice na John Whiting kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo walichunga ng'ombe, walibeba wadogo zao, walisaidia shambani, nao walikuwa miongoni mwa watoto walioonekana zaidi kuwajali wengine na kubeba majukumu. Sababu haikuwa vitabu vya malezi. Walikabidhiwa kitu cha kweli, na nyumba ilikuwa inawategemea.

Wale mlio na wafanyakazi mnajua bosi anayetaka kusaini hata risiti ya majani ya chai. Wafanyakazi wake hawakui. Siku akiugua, biashara inafungwa. Mzazi naye anaweza kuwa bosi wa namna hiyo: anamfunga kamba za viatu mtoto wa gredi ya tatu, anampangia mkoba, anamjibia mgeni anapomuuliza jina. Kila siku anaokoa dakika tano, na anapoteza mtu.

Hana alikuwa na hekima. 1 Samweli 2:19 inasema kwamba mwaka baada ya mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Nadhani mnajua kwa nini kila mwaka ilishonwa nyingine. Mtoto wa mwaka jana si mtoto wa mwaka huu. Wengine wetu tuna mtoto wa miaka 11 lakini uhuru tuliompa ni kanzu ya miaka mitano, na tunashangaa kwa nini anaipasua.

Kwa hiyo pima upya kila mwaka. Wa miaka minne hadi sita ajivalie, ajilishe, arudishe vitu vyake mahali, acheze uani ukisikia sauti yake. Wa miaka saba hadi tisa atumwe duka la ploti, ahesabu chenji, acheze na wenzake mnapojuana majumba. Wa miaka kumi hadi kumi na mbili apike chai na uji, apange saa zake za kusoma na kucheza, aende kwa shangazi na kurudi kwa saa mliyokubaliana. Kila mzazi anamjua wake. Usishindane na jirani. Mtoto mwenye ulemavu naye ana kanzu yake ya mwaka huu, asinyimwe kwa sababu tunamhurumia.

Na hapa niseme neno juu ya wasichana. Katika nyumba nyingi kijana akitoka shule anatupa mkoba na kukimbilia mpira, dada yake anapewa sufuria na mtoto mgongoni. Huyo hajanyimwa kazi, amenyimwa mchezo. Zekaria alitaja wavulana na wasichana. Gawanyeni vyombo, wote watoke nje.

Tusidanganyane pia upande wa pili. Kumwacha mtoto wa miaka sita na kichanga ndani na jiko linawaka, mama yuko zamu hotelini mpaka usiku, huko si kumfundisha kujitegemea. Lakini simhukumu mama huyo. Mara nyingi hana mtu. Ndiyo sababu sehemu inayofuata ni ya kanisa zima.

6. Kanisa liwe msafara

Rudi tena Zekaria 8. Mstari wa 4 ni wazee wameketi, mstari wa 5 ni watoto wanacheza. Wazee hawachezeshi watoto, wala hawawapi mashindano. Wameketi tu. Lakini kwa sababu wameketi, njia ni salama. Hatumhitaji askari kwa kila mtoto. Tunahitaji watu wazima waliotulia mahali panapoonekana.

Baraza la wazee limekubali tuanze hivi. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo jioni, uwanja wa kanisa utakuwa wazi kwa watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili. Geti litafungwa kwa ndani. Watu wazima watatu watakaa kwenye viti chini ya mti, na hakuna mtu mzima atakayekuwa peke yake na mtoto popote, hata kama ni mimi. Hakutakuwa na simu, filimbi, zawadi wala mahubiri. Kutakuwa na kamba, magurudumu ya zamani, mbao, mchanga, na sanduku la huduma ya kwanza. Watoto wakigombana tutasubiri kwanza. Wakirushiana mawe tutaingia. Watoto wa majirani zetu Waislamu wanakaribishwa wakitoka chuoni. Huu si mtego wa kuwabadilisha dini, ni ujirani, na wazazi wao wanakaribishwa kukaa kwenye viti vilevile.

Tunahitaji wa kuketi. Kina baba na kina mama mliostaafu, mlifikiri hamna huduma tena? Kiti chako ni huduma. Na ninyi wenye ploti za kupangisha, kabla hujaongeza vyumba viwili vya mwisho pale uani, fikiri. Kodi ya vyumba viwili najua kuihesabu. Lakini ploti isiyo na hatua kumi za mtoto kukimbia inawapeleka watoto wote barabarani, na huo nao ni mzigo. Sema tu haulipwi na mwenye ploti.

Vikundi vya nyumbani, kila kikundi kiandike orodha ya nyumba tatu ambazo mtoto yeyote wa kikundi anaweza kubisha hodi akiwa na shida. Mfundisheni mtoto nyumba hizo kwa kutembea naye, msimwonyeshe kwa kidole tu. Yule mama wa zamu za usiku awe wa kwanza kuulizwa.

Kazi ya wiki

Siku moja wiki hii mpe mtoto wako saa moja bila televisheni, bila simu na bila maagizo. Akikuambia, "Sina la kufanya," mjibu kwa upole, "Najua, utapata." Usimsaidie. Na umkabidhi kazi moja mpya ambayo mpaka leo ulikuwa unamfanyia. Akiifanya vibaya, usirudie kuifanya mbele yake.

Maswali ya kikundi

1. Wewe ulicheza wapi ukiwa mtoto, na nani alikuwa karibu? Mtoto wako ana nini badala ya hicho?
2. Katika Luka 2, ni watu gani leo wanaweza kuitwa msafara wa mtoto wako? Wataje kwa majina.
3. Taja hatari moja inayoua hapa mtaani ambayo tukishirikiana tunaweza kuiondoa mwezi huu.
4. Mtoto wako amevaa kanzu ya miaka mingapi?

Tuombe

Baba, watoto hawa ni wako kabla ya kuwa wetu. Tupe macho ya kuona hatari ya kweli, na mikono ya kuiondoa. Tuondolee hofu inayotufanya tuwafungie wale uliowaumba wakue. Wakumbuke kina mama wanaolea peke yao, tutumie sisi kuwa jibu la maombi yao. Na njia za Kiembeni zijae tena wazee walioketi na watoto wanaocheza. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji Msaidizi